Mawe ya Msingi ya Bwana Fisi

Mwaka ule mvua ilipolisusa Bonde la Nyasi Ndefu, bonde lilibaki na jina tu. Nyasi zilikwisha, bwawa likakauka, na Kiboko akaonekana akizurura nchi kavu mchana kweupe bila haya. Simba, mfalme, aliwaita wanyama wote, akanguruma kwanza kama ilivyo desturi yake hata pasipo na haja.

"Nataka Mkuu wa Maji," alisema. "Mimi mwenyewe sichimbi. Kucha hizi si za udongo."

Ngiri alisimama. "Mimi nitachimba," akasema, akakaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Hotuba gani hiyo, haina hata utangulizi?

Fisi naye aliutaka ukuu huo kwa sababu za tumbo lake. Siku hiyohiyo alimfuata Sungura, ambaye kazi yake bondeni ilikuwa kuwauzia maneno wasio nayo.

"Nitungie dira," Fisi alisema. "Wakubwa wote wana dira."

"Na maadili je, Mheshimiwa? Dira bila maadili ni chai bila sukari."

"Tia na hayo. Tia mengi."

Wakakubaliana kwamba maji yakipatikana, watakaokunywa kwanza ni Sungura na mama yake mzazi, ajuza ambaye miguu yake haikumfikisha tena hata kwenye kichuguu cha jirani. Sungura akatunga: "Naona mbali! Naona ziwa, naona watoto wetu wakirukaruka ukingoni! Nguzo zetu ni uadilifu, uwazi na kujitolea!" Fisi alianza kukariri, akakwama.

"Uadilifu ni nyama ya mnyama gani?"

"Wewe sema tu, Mheshimiwa. Hawatauliza."

Kweli hawakuuliza. Fisi alipolitamka neno ziwa mkutanoni, swala walibubujikwa na machozi, na hayo ndiyo yaliyokuwa maji ya mwisho kuonekana hadharani kwa muda mrefu.

Simba akampa Fisi ukuu, na kazi ikaanza, yaani sherehe. Fisi alitangaza kwamba kisima hakichimbwi kabla ya kuwekwa jiwe la msingi, na jiwe haliwekwi bila kitoweo cha mgeni rasmi. Mgeni rasmi alikuwa Simba. Wa kusafisha sinia baada yake alikuwa Fisi. Chui alileta nyama iliyokaushwa, na hakuna aliyethubutu kuuliza ilikuwa ya nani. Swala walileta maboga, kwa sababu zinazoeleweka. Jiwe la kwanza likawekwa chini ya mlima. Halafu likawekwa jingine kando ya bwawa, kisha jingine, na jingine, mpaka bonde likafanana na makaburini. Kisima hakikuchimbwa hata kimoja.

Ngiri peke yake alikwenda kwenye kona ya mto mkavu, akaanza kufukua mchanga. Fisi akamfuata mbio.

"Nani kakuruhusu? Mradi bado haujazinduliwa!"

Ngiri akafukuzwa, shimo lake halijamfika hata magotini.

Sungura aliyacheka yote haya huku akitunga hotuba nyingine. Kicheko kilimkatika asubuhi moja alipomkuta mama yake akilamba umande kwenye jiwe la msingi lililowekwa karibu na mlango wao. Wanyama wenye nguvu walikuwa wameanza kuhamia ng'ambo ya milima. Mama yake asingefika hata nusu ya safari hiyo, na Sungura alilijua hilo vizuri.

"Vumilia, mama. Fisi ana dira, nami ndiye niliyemtungia."

"Nimewasikia majirani wakiisifu. Kumbe umeitunga wewe," mama alisema. "Ni maneno mazuri, mwanangu. Yananyweka?"

Sungura aliona aibu, jambo lisilompata mara kwa mara. Alitoka masikio yamemlala, akaenda moja kwa moja kwa Fisi, akamkuta anajichokoa meno.

"Mheshimiwa, nimejua kwa nini Ngiri alikuwa na haraka pale kwenye kona ya mto."

"Si alikuwa anatafuta maji?"

"Mheshimiwa! Lini umemwona mnyama akitoka jasho kwa ajili ya wengine?"

Fisi alifikiri sana. Hakukumbuka.

"Kuna fahali alizama topeni pale mto ulipokuwa ukikauka," Sungura alinong'ona. "Mnono, na mchanga umemhifadhi. Ila yuko chini sana, na ukiita wachimbaji itabidi mgawane."

Neno mgawane lilimchoma Fisi moyoni. Alikwenda peke yake, akachimba. Aliyekuwa hajawahi kunyanyua hata kijiti alichimba kwa ari ambayo dira yake haikuwahi kumtia mnyama yeyote. Sungura alikaa ukingoni eti kulinda, na kila Fisi alipochoka, alimwambia, "Mbona nasikia harufu ya nundu?" Fisi akachimba zaidi. Shimo lilipompita kimo na mchanga ukaanza kulowa, Sungura aliondoka polepole, akaenda kwa Simba na wanyama waliosalia.

"Njooni mumwone Mkuu wa Maji akiwa kazini," alisema. "Ila njooni kimya, msimkatize."

Walifika wakazunguka shimo. Kule chini kulisikika maji yakichapwachapwa, kisha sauti ya Fisi yenye hasira.

"Sungura! We Sungura! Hamna fahali humu, ni maji matupu, yamenifika tumboni! Nitoe tulifukie upesi kabla wale wapumbavu hawajaona. Wakipata maji, nani ataleta tena kitoweo? Na lile zee la manyoya litakuja kutungurumia hapa mpaka jua lizame!"

Zee la manyoya likakohoa.

Fisi aliinua uso akayaona macho ya bonde zima. "Mfalme wangu," alisema kwa sauti nyembamba, "naona mbali..."

"Ukiwa humo shimoni," Simba aliuliza, "unaona mpaka wapi?"

Bonde zima liliangua kicheko, hata Kobe ambaye kwa kawaida huchelewa. Walimvuta Fisi juu kwa kamba za mizabibu ya mwituni. Simba, aliyeumizwa zaidi na kuitwa zee kuliko na wizi wenyewe, alimvua ukuu palepale, akamwamuru ayabebe mgongoni mawe yote ya msingi na kuyapanga ndani ya kisima ili mchanga usiporomoke. Hivyo mawe yakapata kazi. Ukuu alipewa Ngiri, na hotuba yake ya shukrani ilikuwa, "Naomba njia, nipite."

Sungura alimbeba mama yake mpaka kisimani. Mama alikunywa, akapumzika, akanywa tena, na Sungura akalia mbele za wanyama wote bila kujificha. Kisha akajifuta machozi na kusafisha koo.

"Mama, unaonaje nimtungie Ngiri naye dira?"

"Nenda ukamsaidie kutoa mchanga," mama alisema. "Maneno matupu hayavunji mfupa."