Randa Iliyofufuka Mara Mbili

Hapo zamani, na msiipeleke mbali hiyo zamani, ni ya juzijuzi tu, umeme umeshafika Muheza na umeshajifunza kukatika, alikuwapo mama mmoja akiitwa Bi Mwajabu. Mumewe, Mzee Semboja, alikuwa seremala wa kutajwa. Alipofariki alimwachia mkewe karakana nyuma ya nyumba, binti wa pekee aliyeitwa Saumu, na mbao za mvule zilizolazwa darini zikauke taratibu. Mbao hizo zilikuwa na wasia. "Saumu akiolewa," alisema marehemu, "kitanda chake kitoke kwenye mvule huu, na kitoke kwenye karakana hii."

Saumu akaposwa. Mahari ikaletwa, siku ikawekwa. Upande wa bwana harusi, watu wa Tanga mjini, wakatuma maneno matamu yenye mwiba ndani: "Msijisumbue na kitanda, sisi tutanunua cha dukani, kina kioo na taa." Bi Mwajabu akajibu: "Kitanda kipo. Siku ya harusi mtakikuta kimesimama." Alisema hivyo, na kitanda kilikuwa bado mbao, na mbao zilikuwa bado darini.

Msimcheke. Mjane huvumilia mengi, lakini si kuambiwa kwamba wasia wa mumewe umeshindwa na kitanda cha taa.

Karakanani walikuwamo mafundi watatu. Alikuwamo Hiza, mtu wa sokoni, asiyenunua hata kitunguu bila kukigeuza na kukinusa. Alikuwamo Mbaruku, mwenye vidole visivyotulia, aliyekwisha kufungua redio ya kila jirani, nyingine bila kuombwa. Na alikuwamo Mwantumu, mwanamke mchache wa maneno, ambaye mbao ikimkatalia haigombezi, anaizunguka. Wote watatu walifundishwa na marehemu, wote watatu walimwita Bi Mwajabu mama, na wote watatu hawakuwa na mashine ya kwao. Fundi asiye na mashine yake ni sawa na mpangaji: atafanya kazi mpaka azeeke, na mlango si wake.

Basi randa ya umeme ya marehemu ikaungua. Ilinuka, ikatoa moshi, ikanyamaza. Na mvule, jamani, si mti wa kubembelezwa. Kulainisha mzigo ule wote kwa randa ya mkono, harusi ingepita, mtoto angezaliwa, kitanda bado hakijaisha.

Bi Mwajabu akafungua pindo la kanga, akamwita Hiza. "Nenda Tanga, mwanangu. Kaniletee randa."

Hiza akaenda. Akaikuta randa mpya ndani ya boksi lake, akauliza bei, akaambiwa, akasema, "Ahsante, nilikuwa napita tu." Akaikuta randa ya mtumba kando ya barabara, imepakwa rangi inang'aa. Akaizungusha kwa kidole, ikalia kwaruu. Akasema, "Hii imepakwa poda, haijatibiwa." Akaingia duka la tatu, na huko akatolewa randa ambayo si mpya na si mtumba.

"Hii," alisema muuzaji, "iliuzwa huko ng'ambo, ikaonekana na kasoro, ikarudishwa kiwandani kwao. Kiwanda chenyewe kikaifungua, kikatoa kilichochakaa, kikatia kipya, kikaipima, kikaifunga. Unaiona stika hii juu ya skrubu? Ndiyo waranti yako. Ikizingua, irudishe. Lakini ukiibandua stika, mimi na wewe hatujuani."

Hiza akaiwasha. Akaizima. Akaiwasha tena, akaitegea sikio kama mkunga. Akaikataa, akataka nyingine. Akaikataa na hiyo, akataka nyingine.

"Bwana wee," muuzaji akachoka, "unanunua randa au unaoa?"

"Ninaozesha," akajibu Hiza. Ya tatu akaichukua.

Alirudi Muheza kifua mbele, akaiweka mezani, akaeleza. Bi Mwajabu akashika shavu. "Imefufuliwa kiwandani? Kumbe ilikufa!"

"Haikufa, mama. Iliugua."

"Iliugua kwa nani? Mikono gani imeishika?"

Mwantumu akaitazama kwa mbali kama mtu atazamavyo mbwa wa jirani. "Cha watu kilichokufa mimi sikigusi," akasema.

Lakini siku zilikuwa zinayoyoma, na majirani walikuwa wameshajaa mlangoni kuitazama hiyo randa iliyorudi kutoka kuzimu. Bi Mwajabu akaona awatie moyo mafundi wake, akanyanyua sauti: "Nasema mbele yenu nyote. Kazi ikiisha, randa hii haitakuwa yangu. Itakuwa ya yule ambaye bila yeye kitanda cha mwanangu kisingesimama."

Majirani wakasema, "Tumesikia." Mafundi wakatazamana.

Sasa, nyumbani kwa Bi Mwajabu hakiingii kitu bila kufukizwa udi na kunyunyiziwa marashi. Godoro lilifukizwa, sufuria zilifukizwa, hata simu yake ya mkononi ilipita juu ya chetezo. Itakuwa randa yenye mambo yake ya nyuma? Akaifukiza vizuri. Kisha akachukua mrashi.

"Mama, hiyo..." Hiza akaanza.

"Nyamaza, mwanangu, namwomba Mungu."

Akainyunyizia juu. Akainyunyizia ubavuni. Akainyunyizia zaidi kwenye vile vitundu vya kupitisha hewa, maana aliona huko ndiko balaa hujificha. "Haya, washa kwa jina la Mungu." Hiza akawasha. Randa ikakohoa. Ikatoa cheche. Ikanyamaza. Karakana nzima ikanukia mawaridi.

"Imekufa?" akauliza Bi Mwajabu.

"Imekufa."

"Mara ya pili?"

"Mara ya pili, mama."

Bi Mwajabu akakaa pale pale juu ya maranda, akalia. Alilia kwa aibu, kwa sababu mkono ulioiua ulikuwa wake mwenyewe. Akaona kile kitanda cha taa kinaingia mlangoni kwake kwa vifijo, na mvule wa Semboja umelala darini unasikiliza.

Hiza akampigia simu muuzaji. Muuzaji akasema, "Leteni, ila msiifungue. Itakwenda kwa wakala Dar. Wiki mbili, tatu, mtakuwa mmeipata." Na harusi ilikuwa wiki ile ile.

"Hata hivyo tuirudishe," akasema Hiza. "Hii ni mali ya mama. Tukibandua stika tumeitupa. Mimi nitazunguka mji mzima niazime randa nyingine."

"Nipe bisibisi," akasema Mbaruku.

"Sikupi."

"Nipe bisibisi, Hiza."

Hiza akaichukua bisibisi, akaikalia.

Mwantumu akawaacha na bisibisi yao. Alipanda darini, akashusha mbao moja, ile ya kichwani mwa kitanda, pana, yenye macho na nyuzi zinazopishana huku na huku. Akaitoa randa ya mkono ya marehemu, akainoa, akaanza. Shwaa. Shwaa. Hao wengine wanabishana, yeye shwaa. Wanatukanana kiungwana, yeye shwaa. Viganja vikamtoka malengelenge, akavifunga kwa kipande cha kanga, akaendelea.

Hiza akatoka kwenda kuazima. Akaenda kwa fundi wa kwanza, akaambiwa mashine ina kazi. Akaenda kwa wa pili, akaambiwa mashine ni mbovu, na ilikuwa inasikika ikinguruma uani. Lakini alipoinuka kwenda, ile bisibisi aliiacha kitini.

Mbaruku hakuomba ruhusa. Akaibandua stika, akaibandika kwenye mlango wa karakana. Akaifungua randa, akazipanga nyama zake moja moja kwenye sinia, akazifuta, akazianika juani kando ya mpunga wa jirani. Kuku walikuja kuuonja mpunga, wakaonja na skrubu. Akawafukuza kwenye mpunga na kwenye randa kwa pamoja. Jua lilipokwisha kufanya kazi yake, akaifunga tena, akachomeka waya, akafumba macho, akawasha. Randa ikanguruma.

Hiza aliisikia akiwa barabarani, akaja mbio anacheka. Alipofika mlangoni akaiona stika, kicheko kikamkauka.

"Umeiua waranti!"

"Nimeifufua randa!"

"Gombaneni huku mnashusha mbao," akasema Mwantumu, na shwaa yake ikaendelea.

Wakashusha. Randa ikala mvule kama iliyofunga mwezi mzima. Miguu ikalainika, mbavu zikanyooka. Mbaruku akajaribu kupitisha mashine kwenye kipande kilichokatwa pembeni mwa ile mbao ya kichwani, mashine ikakinyofoa vibaya, kikawa kama kimetafunwa na ng'ombe. Akaiweka chini taratibu, akamtazama Mwantumu, akamwachia mbao yake. Na mkesha wa harusi, alasiri, kitanda kikasimama.

Kwa desturi ya watu wale, kitanda cha bibi harusi hakitandikwi kabla ya shangazi yake kukipima. Shangazi Mwanashaha alikuwa mwanamke wa kujaza mlango. Akakaa. Akajirusha. Akajirusha tena kwa nia mbaya kabisa, huku wanawake wameshika vigoma, kikilia tu waimbe nyimbo za kuwaaibisha mafundi. Kitanda hakikusema hata nyii. Basi vikapigwa vigelegele mpaka ng'ambo ya reli. Bi Mwajabu akakumbatia nguzo ya kitanda akalia tena, safari hii kwa furaha, akimwita Semboja aje aone.

Wageni wa Tanga walipofika, wakaipapasa ile mbao ya kichwani, nyuzi zake zinapishana kama maji yanayokwenda. Hakuna aliyetaja taa.

Pilau ikaliwa. Mikono ilipokwisha kunawa, majirani wakakumbuka ahadi. "Bi Mwajabu, randa ya nani?"

Hiza akasimama wa kwanza. "Mama, bila mimi kitanda kisingesimama. Ningewaletea ile iliyopakwa poda, Mbaruku angefungua akakuta nini? Kutu. Hafufuki asiye na uhai. Uhai niliuchagua mimi, kwa sikio langu, nikikataa moja baada ya moja mpaka nikatukanwa."

"Lakini uliikalia bisibisi!" mtu akapiga kelele.

"Nililinda mali ya mama. Nayo ni kosa?"

Mbaruku akasimama. "Mama, bila mimi kitanda kisingesimama. Randa ya Hiza ingekuwa Dar sasa hivi, na stika yake nzima, na shangazi angejirusha kwenye mkeka."

Watu wakacheka. Shangazi Mwanashaha akacheka kuliko wote. "Lakini wewe uliomba ruhusa?" akamuuliza. "Na waranti je?"

"Ningeomba ruhusa tungekuwa bado kwenye kikao. Na kama waranti imekufa, shangazi, nani mwingine anaijua randa ile tumboni? Ikiwa kwangu, waranti ni mimi."

Mwantumu hakusimama. Alifungua vitambaa, akanyoosha viganja. Kicheko kikaisha. "Mama, bila mimi kitanda kisingesimama. Mashine ilimaliza miguu na mbavu, sikatai. Lakini kitanda bila kichwa ni kichanja cha kuanikia vyombo. Mbao ya kichwani mashine ingeitafuna, mliona. Na kama ningengoja hawa waishe kugombea bisibisi, mkesha ungenikuta sijafika nusu."

"Si wewe uliyesema hukigusi cha watu kilichokufa?" akasema Hiza.

"Nilisema, na sikukigusa. Mama hakusema randa ni ya anayeipenda. Alisema ni ya yule ambaye bila yeye."

Majirani wakagawanyika pale pale. Waliokaa upande wa jiko wakasema Hiza, maana msingi ndio nyumba. Vijana wakasema Mbaruku, maana siku ile imani ya wengine ilikuwa imeisha. Wanawake wa vigoma wakasema Mwantumu, maana jasho halina hila. Mtu mmoja akasema randa ikae karakanani watumie wote; akanyamazishwa, kwa kuwa ahadi ni deni na ilisikika na mtaa mzima. Mwingine akasema iuzwe wagawane, naye akanyamazishwa na mafundi wenyewe, wote watatu kwa sauti moja.

Bi Mwajabu akaingia ndani, akatoka ameibeba ile randa kifuani kama mtoto. Nje matarumbeta yalikuwa yameshaanza, Saumu anachukuliwa. Na ndipo moyo wake ulipomwonya. Saumu akishakwenda, wa kumwita mama katika nyumba ile watabaki hawa watatu. Akimpa mwenye haki, wawili watanuna siku chache kisha watarudi kazini, kwa kuwa haki hata aliyeikosa huijua. Akimpa asiye na haki, wale wawili wataondoka na hawatarudi, na yule mmoja naye, akiwa na mashine isiyokuwa stahili yake, ataona haya kumtazama usoni, ataondoka pia. Hana nafasi ya kukosea.

Akasimama mbele yao. Hiza akanyoosha mikono. Mbaruku akanyoosha mikono. Mwantumu akanyoosha ile mikono yake yenye malengelenge. Randa ni nzito, na mama wa watu anaanza kuchoka kuibeba.

Haya, nyinyi mnaosikiliza, na msijibu wote kwa pamoja: aliyeijua kabla haijanunuliwa, aliyeivunjia amri akaifufua, au aliyefanya kazi bila kuigusa? Bi Mwajabu aiweke mikononi mwa nani? Je, nani alistahili?