Kunguru Mkalimani na Mablanketi ya Mama Fisimaji

Enzi zile wanyama walipodanganyana kwa mdomo tu, baridi kali iliviangukia visiwa vya Haida Gwaii, mbali huko kaskazini. Mama Fisimaji, mjane mpole, alikuwa na watoto wanaotetemeka na ngozi moja ya manyoya aliyoachiwa na marehemu mumewe.

Ikatia nanga merikebu ya Mbweha, mfanyabiashara mwenye tamaa ya manyoya. Lugha ya visiwani hakuijua hata salamu. Aliyejua lugha zote mbili alikuwa mmoja tu, Kunguru, mjanja asiye na haya.

Mbweha aliitazama ngozi, akaahidi furushi zima la mablanketi.

"Bwana anasemaje?" Mama Fisimaji aliuliza.

"Anasema ngozi imechakaa," Kunguru alijibu kwa huzuni ya uongo. "Atakupa blanketi moja, tena kwa kukuhurumia."

"Moja? Wanangu watakufa kwa baridi, baba!"

"Mimi ni mdomo tu, mama. Maneno ni yake."

Maskini, akaitoa ngozi, akalipokea na kushukuru juu yake. Mengine Kunguru akayaficha juu ya mwerezi.

Angetulia, angezeeka nayo. Lakini Kunguru na kutulia wapi na wapi! Alitaka jina kubwa na nguzo ya kuchongwa mbele ya nyumba yake. Na visiwani humo jina halipatikani kwa kurundika mali, ila kwa kuigawa. Mwenye kulitaka hufanya karamu, hutangaza mali yake imetoka wapi, kisha huwagawia wageni yote. Anayepokea ndiye shahidi.

Kunguru akaita karamu, wakaja wote, hata Mama Fisimaji na wanawe. Dubu, mkuu mwenye majivuno, akaunguruma: "Mali hii imetoka wapi?"

"Nimeifuma kwa kucha zangu hizi, mheshimiwa!"

Mbweha, aliyealikwa ili karamu inoge, hakuelewa neno. Alipoona mablanketi yake yakitandazwa, alidhani anasifiwa yeye kwa ukarimu. Akainuka akitabasamu, akaigusa ngozi mabegani mwake, akayaonyesha mablanketi yote, kisha akamwelekeza kidole Mama Fisimaji. Papo hapo akawatupia watoto wa mama huyo jicho la mnunuzi wa ngozi.

"Mkalimani," Dubu alisema, "hebu tutafsirie hayo."

Kunguru alifungua mdomo, ikatoka "kraa" tupu.

"Basi gawa," Dubu akaamuru. "Anza na mama huyu, na umalizie kwa mama huyu."

Mama Fisimaji aliyabeba mablanketi yote, akawafunika wanawe gubigubi, akawaondoa haraka mbele ya macho ya Mbweha. Wageni wakaondoka mikono mitupu wakicheka. Kunguru jina alilipata: Mwizi. Hilo halikuhitaji karamu.

Njia ya mwongo ni fupi.