Namkunda, Aliyetua Mzigo Mpakani

Sikilizeni, watu wa mlimani na wa bondeni, ninyi mnaokula chumvi moja. Zama za mababu wa babu zetu, pale mtoni penye soko letu leo palipokuwa bado nyika tupu, aliishi Namkunda binti Senkondo, wa ukoo wa wafinyanzi, Shingo ya Mvule, aliyebeba kichwani mnara wa vyungu ambao wanaume wawili wangeugawana na bado wakahema.

Miaka hiyo vita vya mlima na bonde vilikuwa vimefunga njia. Mlimani watoto walikula ndizi zisizo na chumvi hadi wakalegea. Bondeni, kwenye chumvi tele, vyungu vya kupikia vilikuwa vimekwisha. Namkunda, aliyekuwa na watoto kati ya hao waliolegea, akajitwika vyungu, akashuka.

Mtoni, katikati ya mikuki ya pande mbili, akateleza, na vyungu vyote vikavunjika. Wapiganaji wakaangua kicheko.

"Mama, umetuletea vigae?"

"Ndiyo, wanangu. Bei tutaelewana."

Lukio, jemadari wa bondeni, akanguruma, "Ondoka! Mpakani hapakai mtu."

"Nimekwisha tua mzigo, baba. Mwenye nguvu na anitwike tena."

Wakavitazama vigae, hakujitokeza mtu. Naye akachagua kigae kipana kuliko vyote, akakiinjika juu ya mafiga matatu, akakaanga njugu mawe alizochukua ziwe masurufu yake. Harufu ikavuka mto bila kuomba ruhusa. Lukio, ambaye naye alikuwa mtoto wa mtu na hakuwa ametia kitu kinywani tangu alfajiri, akanyoosha mkono mmoja, wa pili ukishika mkuki.

"Kwa mkono mmoja? Nani alikulea wewe?"

Kwa mila za pande zote mbili, chakula cha mama hupokelewa kwa viganja viwili. Lukio akautazama mkuki, akazitazama njugu, akaulaza mkuki majanini. Wa nyuma yake wakafuata, kisha wa ng'ambo.

"Sasa leteni chumvi," akasema Namkunda.

Jioni hiyo watoto wake walikula, wakalamba vidole. Aliporudi mtoni alileta vikaango vipana alivyovifinyanga kwa mfano wa kile kigae, na wanawake nyuma yake. Akatajirika, wala hakuonewa kijicho, maana kila aliyemwuliza alifundishwa.

Uzeeni alijitwika vikaango akaelekea nchi ambayo haikuwa na soko, na kaburi lake hatulijui. Lakini hadi leo, mwanamke mgeni akifika sokoni kwetu hapangiwi mahali wala haulizwi kwao ni wapi. Anapotua mzigo wake, pale ni pake.