Bibi Subilaga na Pepo Aliyepewa Kigoda

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu walioshiba. Sogeeni basi, na walio nyuma wasije wakasema hawakusikia.

Hapo zamani za kale, katika kijiji kimoja cha milimani, kijiji chenye mvua nyingi na migomba mingi, alikuwako mfinyanzi mmoja jina lake Tupokigwe. Vyungu vyake vilikuwa vyepesi na havivuji. Ukikigonga kimoja kwa kidole kinalia nge, nge, nge. Watu walitoka mabonde ya mbali kuvifuata. Na alipofinyanga aliimba, na waliopita njiani walipunguza mwendo.

Tupokigwe alikuwa na mume, Asegelile. Alikuwa pia na dada yake mkubwa, Ikupa, aliyeolewa ng'ambo ya mto. Mama yao alipofariki, Tupokigwe alituma habari kwa dada yake. Siku ya kwanza Ikupa hakuja. Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu wakazika, Ikupa hakuja. Tupokigwe akasimama kaburini akasema, watu wote wakimsikia, kwamba tangu siku ile yeye hana dada.

Chuki ile akaenda nayo nyumbani. Akala nayo, akalala nayo, akaamka nayo. Akiponda udongo, anamponda Ikupa. Akichochea moto, anamchoma Ikupa. Nyimbo zikakoma.

Asubuhi moja, akiwa peke yake anafinyanga, akasikia mluzi. Fyuu. Akageuka. Hapana mtu. Kisha sauti nyembamba ikamwambia kwamba dada yake alicheka siku ya msiba. Tupokigwe alijua kuwa sauti ile si ya binadamu. Nywele zilimsimama. Angeweza kuikemea, angeweza kumwita mumewe. Lakini ilisema maneno aliyotaka kuyasikia. Akanyamaza, akasikiliza.

Kesho yake, fyuu. Akasikiliza tena. Siku ya tatu, fyuu, na Tupokigwe akachukua kigoda akakiweka karibu na udongo wake, kama anavyowekewa mgeni.

Baada ya hapo ile sauti haikuja tena, kwa sababu haikuondoka.

Ndipo mambo yakaharibika. Asegelile akawa anasikia sauti ya kiume, nzito, ikitoka kinywani mwa mkewe. Tupokigwe mwenyewe alikuwa ndani ya mwili wake kama mtu aliyefungiwa chumbani, akichungulia kwenye ufa, anaiona mikono yake ikifanya mambo ambayo hakuituma. Siku ya kuchoma vyungu, mikono ile ikavivunja vyote. Pwaa, pwaa, pwaa. Kisha ikanyakua kijinga cha moto ikakirusha kwenye ghala la Mwaisaka, mkuu wa kijiji. Mahindi ya mwaka mzima yakawa majivu.

Watu wakamkamata, wakamfunga kamba kwenye nguzo ya nyumba yake. Akaitwa mtu mmoja kutoka mbali aliyesifika kwa kufukuza pepo. Alikuja na ngoma na moshi, akapiga kelele tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Tupokigwe akaanguka, akatulia. Kijiji kikashangilia, yule mtu akaenda zake. Siku tatu tu, ikarudi ile sauti, na safari hii walihitajika wanaume sita kumshika.

Mwaisaka akasema imetosha. Akatoa amri kwamba Jumamosi, jua likifika utosini, Tupokigwe atapelekwa msituni, juu ya mlima, aachwe huko.

Sasa hapo kijijini palikuwa na mjane mmoja mfupi, Bibi Subilaga, mkunga aliyepokea nusu ya watu wa kijiji walipozaliwa. Ndiye aliyeongoza sala katika kikanisa cha nyasi. Watu walimcheka kidogo, maana alizoea kusali huku anachambua maharage kwenye ungo, macho wazi. Aliyemuuliza aliambiwa kwamba maharage yana wadudu, na Mungu anawajua wadudu hao. Alikuwa amekwenda bonde la pili kuzalisha. Aliporudi siku ya Jumatano na kusikia habari, hakuingia hata kwake. Alifuata njia moja kwa moja mpaka kwa Asegelile.

Hakupiga kelele. Alimshika Tupokigwe paji la uso, akapima kama ana homa. Akamtazama macho, akamtazama ulimi. Akauliza amekula nini na amelala mara ngapi. Akamnywesha uji, kijiko kwa kijiko, na ile sauti nzito ikimtukana kila baada ya kijiko. Uji ulipokwisha akaagiza kamba zifunguliwe.

Mwaisaka akakataa. "Akiua mtu je, Bibi?"

"Nitakuwa wa kwanza mimi," akasema Bibi Subilaga. "Nakaa karibu naye kuliko nyote."

Wakafungua. Tupokigwe akasimama, akatetemeka, na pepo akasema kwa kinywa chake, "Mwanamke mzee, toka nyumbani mwangu."

"Nyumba hii si yako."

"Nilikaribishwa. Nilipewa kigoda."

Mwingine angezidisha kelele. Bibi Subilaga akafikiri kwanza. Akamuuliza Asegelile habari ya kigoda, naye hakujua lolote. Ndipo akainama kwenye sikio la Tupokigwe.

"Tupokigwe, mwanangu. Sisemi na huyo. Nasema na wewe. Ulimkaribisha kwa ajili ya nini?"

Ndani kabisa, nyuma ya ule ufa, Tupokigwe akalisikia jina lake. Kwa siku nyingi watu walikuwa wakizungumza na pepo tu. Hakuna aliyemwita yeye. Akajikusanya, akasukuma kwa nguvu zake zote, na neno moja likamtoka kwa sauti yake mwenyewe.

"Ikupa."

Bibi Subilaga akanyanyuka, akamwambia Asegelile akimbie ng'ambo ya mto, amlete Ikupa kabla ya Jumamosi adhuhuri. Mto ulikuwa umefurika. Asegelile hakuuliza. Alikimbia, gubu gubu gubu, akashuka mabonde, akafika mtoni, maji mekundu yananguruma. Alitafuta kivuko kutwa nzima, na kesho yake akavuka kwa kamba, maji yakimfika kidevuni.

Huku nyuma Bibi Subilaga alifunga kula. Alikaa chini karibu na Tupokigwe, anachambua maharage ambayo hakuyapika, anasali kwa sauti ya chini. Pepo akawa anamcheka.

"Hatakuja."

"Anakuja," akasema Bibi Subilaga.

Alhamisi, pepo akasema, "Hatakuja." Bibi akasema, "Anakuja."

Ijumaa, "Hatakuja." "Anakuja."

Jumamosi ikafika. Wanaume wakaja na fito na machela, wakasimama uani. Jua likapanda. Kivuli cha nyumba kikafupika, kikafupika, kikawa upana wa mkono. Mwaisaka akakitazama, akawapa wanaume ishara. Pepo akacheka mpaka kuta zikatikisika.

"Hatakuja!"

"Anakuja," akasema Bibi Subilaga, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa njaa.

Mara watu wa mwisho uani wakapisha njia. Huyo Asegelile, kapakaa matope mpaka nyweleni. Na nyuma yake mwanamke, kaloa, anachechemea, kajishikilia kiuno. Ikupa.

Pepo akanyamaza.

Bibi Subilaga akamkalisha Ikupa mbele ya mdogo wake, akamtaka aseme yaliyompata. Ikupa akasimulia. Mjumbe wa msiba alipofika, yeye alikuwa siku ya tatu katika uchungu wa kuzaa. Mtoto alizaliwa hana pumzi, na yeye mwenyewe akatokwa damu nyingi mno. Wakwe zake walimficha habari ya msiba wakihofia itammaliza. Alipokuja kuambiwa, miezi miwili ilikuwa imepita, na pamoja na habari ile akaambiwa maneno ambayo mdogo wake aliyasema kaburini. Akaona aibu kuja.

"Nilimlilia mama peke yangu," akasema Ikupa. "Nikamlilia na mtoto. Sikuwa na wa kulia naye."

"Mwongo," akanguruma pepo. "Alicheka."

Watu wote wakamtazama Bibi Subilaga. Yeye akamtazama Tupokigwe. "Mwanangu, mimi naweza kusali. Lakini siwezi kusamehe kwa niaba yako."

Jamani, hapo palikuwa na vita. Tupokigwe, nyuma ya ufa wake, alimwona dada yake kakonda, mashavu yameingia ndani. Akataka kumwita. Ile chuki ikamkaba. Akaivuta, ikamvuta. Ilikuwa imemganda kama udongo uliokaukia mikononi, na kuibandua kuliuma. Jasho likamtiririka. Midomo ikafunguka.

"Dada," akasema. "Njoo."

Ikupa akamwangukia shingoni. Na Bibi Subilaga, bila kupandisha sauti, akasema, "Sasa huna pa kukaa. Kwa jina la Yesu Kristo, toka."

Vuuuuu! Upepo ukamtoka Tupokigwe, ukang'oa mlango, ukapita uani, fito zikawaanguka wanaume mikononi, kuku wakaruka, majani ya migomba yakachanika kuanzia kwa Asegelile mpaka bondeni. Kisha kimya. Na katika kimya kile Tupokigwe akaomba maji ya kunywa.

Mlitaka tumalizie hapo? Kijiji nacho kilitaka. Vigelegele vilikwisha kuanza. Bibi Subilaga akavikatiza. Aliwaambia kwamba aliyetoka atarudi kuchungulia, na akikuta nyumba tupu ataleta wenzake. Ndivyo ilivyokuwa mara ya kwanza. Kwa hiyo nyumba ijazwe.

Wakaijaza. Ikupa akabaki, wakawa wanafinyanga pamoja na kumlilia mama yao pamoja, mambo waliyopaswa kuyafanya zamani. Mke wa Mwaisaka akaleta ndizi, akala nao. Tupokigwe akamjengea Mwaisaka ghala jipya, akalisiriba kwa mikono yake. Na kila asubuhi Bibi Subilaga alikuja na ungo wake, akamfundisha kusali huku anafanya kazi, kumweleza Yesu habari za siku kama zilivyo, hata za hasira, kabla mwingine hajajitokeza kuzisikiliza.

Siku ya saba, jua kali, fyuu. Tupokigwe akaacha kufinyanga. Fyuu, nyuma ya nyumba. Fyuu, fyuu, juu ya paa. Mmoja, wawili, watatu, mpaka wakatimia saba, wanazunguka nyumba.

"Bibi," akanong'ona. "Wamekuja."

"Nimewasikia."

"Utawaambia nini?"

"Mimi? Wamekuja kwako." Bibi Subilaga akaokota mdudu kwenye ungo, akamtupa. "Na Yeye ninayemwita mimi, wewe nawe unamwita."

Tupokigwe akasimama. Akaenda mpaka mlangoni, akafungua, vumbi likampiga usoni.

"Nyumba hii ina mwenyewe," akasema. "Ni Yesu. Kwa jina lake, ondokeni."

Paa likatikisika mara moja. Likatikisika mara ya pili. Yeye hakurudi nyuma. Mara ya tatu halikutikisika. Ile miluzi ikapanda mlima, ikawa midogo, ikawa kama ya ndege, ikapotea. Tupokigwe akaketi kizingitini akacheka na kulia, na Ikupa akamshika.

Bibi Subilaga aliishi miaka mingi baada ya hapo. Watu walitoka mbali wakisema wana pepo. Bibi alimuuliza kila mmoja maswali yaleyale: umekula, umelala, na ni nani usiyesema naye? Wengi waliponea kwenye uji. Wengine walirudi kwao kupatana na ndugu. Na wachache, wale wenye mgeni kweli, alikaa nao mpaka mwisho.

Alipofariki, watu walijaa. Kabla ya kuzika wakaanza kuichana nguo yake, kila mtu apate uzi wa kufunga mkononi, umlinde. Tupokigwe akawazuia, akaisitiri maiti.

"Acheni," akasema. "Aliyekuwa akitulinda hatumziki leo. Huyo yu hai."

Wakaziacha nyuzi, wakamzika Bibi Subilaga na nguo yake nzima, wakarudi nyumbani mikono mitupu bila hofu.

Basi nanyi mliokaa hapa, chuki ikija na maneno matamu msiisikilize. Sameheni mapema, na mioyo yenu mpeni Mungu aijaze, msiiache wazi.

Ngano yangu imefika mwisho, na mimi nimefika nayo.