Bi Mashavu na Mluzi wa Hofu

Paukwa!

Pakawa!

Nimekuja na pimbi mmoja mwoga, nimwingize?

Mwingize, tumemtandikia mkeka!

Basi kaeni vizuri. Na wewe uliyeegemea mlango, acha kuuegemea, utaanguka nao nikifika kwa tai.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, palikuwa na jabali kubwa, na ndani ya nyufa zake waliishi pimbi. Pimbi mnawajua: wadogo, wanono, hawana mkia, na kila mwenye makucha anawatamani.

Walikuwa na desturi moja. Wakishuka kula majani, mmoja alibaki juu ya jabali akilinda. Akipiga mluzi mmoja, wote mbio mashimoni. Hakuna kuuliza, na hakuna kutoka mpaka apige miluzi miwili. Atakayesimama kuuliza, ataulizia tumboni mwa tai.

Mlinzi alikuwa Bi Mashavu. Mama huyu, siku moja akiwa kazini, alijikuna ubavu kidogo tu, na tai akashuka akamchukua dada yake. Jamani, iliuma. Tangu siku ile moyo wake haukutulia.

Ukaja ukame. Miti yote ikapukutika, ukabaki mgunga mmoja tu wenye majani, chini ya jabali.

Siku ya kwanza pimbi wakashuka. Kabla hawajatafuna, Bi Mashavu akawaza, je, tai akija? Akamwona kabisa kichwani mwake, na mabawa, na makucha. Fiii! Wote mashimoni. Tai hakuwepo.

Siku ya pili wakashuka. Bi Mashavu akawaza, je, chui akija? Akayaona madoadoa yake kichwani. Fiii! Wote mashimoni. Chui hakuwepo.

Siku ya tatu wakashuka. Akawaza, je, nyika ikishika moto? Fiii! Wote mashimoni. Moto haukuwepo, hata moshi haukuwepo.

Na kila siku aliogopa kupiga ile miluzi miwili mpaka jua likazama. Siku tatu watoto wakalala njaa. Mwanawe mwenyewe, Chausiku, akashindwa kusimama.

Bibi Kidawa, mkubwa wa ukoo, akaja kumwambia kwa upole kwamba wasipokula kesho watahama, wavuke mbuga mpaka mlima wa pili. Bi Mashavu akaitazama mbuga. Mbugani hakuna hata ufa wa kujificha, na Chausiku hawezi kutembea.

Asubuhi yake akatua mbayuwayu, ametoka safari ndefu ya mashariki. Akamkuta mlinzi analia, akamuuliza kisa, naye akaeleza chote.

Mbayuwayu akamsimulia kwamba huko alikotoka alijenga kiota darini mwa nyumba ya watawa wa Buddha. Watu wale huketi kimya wakitazama pumzi zao, wakitazama na mawazo yao yanavyokuja na kupita. Mwanzoni aliwaona hawana kazi. Kisha siku moja nyoka akaingia ukumbini. Wageni wakakanyagana, wengine wakaruka dirishani. Mtawa mmoja akainuka taratibu, akamfungulia nyoka mlango, nyoka akaenda zake.

Mbayuwayu akamuuliza, "Mama, yule tai wa siku ya kwanza ulimwona kwa macho au kwa mawazo?"

"Kwa mawazo," Bi Mashavu akasema.

"Basi hofu ikija usiifukuze, wala usiifuate. Iambie umeiona. Imekuja yenyewe, itaondoka yenyewe."

"Nikiacha kuifuata, nani atamlinda mwanangu?"

"Macho yako, mama. Hofu haina macho."

Akamfundisha wimbo. Nanyi niitikieni, msinitazame tu:

*Hofu, nimekuona!*
*Keti hapo!*
*Pumzi yaingia, pumzi yatoka!*
*Keti hapo!*

Pimbi wakashuka. Hofu ikaja na tai wake. Mluzi ukamfika Bi Mashavu mdomoni. Akaimba, hofu, nimekuona, keti hapo. Akatazama mbingu, nyeupe tupu. Hofu ikavimba, ikavimba, ikanywea. Chini pimbi wakaanza kutafuna.

Hofu ikaja na chui wake. Akaimba. Akatazama majani, upepo tu. Nayo ikanywea.

Mara ya tatu ikaja na sauti ya dada yake, akilia kama siku ile. Hii ilikuwa nzito, wenzangu. Bi Mashavu akabubujikwa machozi, akaimba na machozi yake, akayapangusa ili aone. Hakupiga mluzi. Chini, Bibi Kidawa alikuwa amemshusha Chausiku, akimtafunia majani laini.

Ndipo, alipoinua macho yale safi, akaona kidoa ndani ya mwanga wa jua. Kidoa kikakua. Kikaota mabawa. Tai, tai mwenyewe, tai wa kweli!

Fiiiii! Bibi Kidawa akamkamata Chausiku kwa meno, akajirusha ufani. Wote ndani. Bi Mashavu akaruka wa mwisho, kucha ikamnyofoa manyoya ya mgongo, akaingia mzima. Tai akazunguka mara moja, akazunguka mara mbili, akaenda na njaa yake.

Bi Mashavu akachungulia. Akatazama juu, akatazama jua lenyewe, akatazama kila upande. Akapiga miluzi miwili. Pimbi wakatoka kwenda kula, mchana kweupe.

Kesho yake hofu ikarudi. Tena mapema. Bi Mashavu akaiambia, umekuja, keti hapo, akaendelea kulinda.

Sasa sikieni mafunzo yake. Akili ni mlinzi wetu, na mlinzi huwaza mengi. Hofu ikikujia usione aibu, wala usikimbie. Itazame mpaka uijue, kisha tazama kilichopo mbele yako.

Mimi nimefika, na koo limenikauka. Iliyowapendeza nendeni nayo nyumbani, iliyowachosha nirudishieni nikailalie.