Bomba la Moshi la Bwana Mgaza

Bwana Mgaza, mwenye hoteli ya pilau, alikuwa mtu wa kuuza hata ukoko. Moshi ulipozidi jikoni, alimwita fundi bati akamwonyesha ukuta.

"Bomba litokee hapa. Ndiyo njia fupi."

"Hapa ni uani kwa Bi Mwatime, bwana. Anafua kanzu za watu, masizi yatamkosesha kazi. Tukilipandisha juu ya paa ni mabati matatu tu ya ziada."

"Mabati matatu! Toboa!"

Fundi alikwenda kwake kuchukua tindo. Aliporudi, Bwana Mgaza alichungulia uani. Hakuona kanzu hata moja. Bi Mwatime alikuwa akipanga vibua kwenye chanja, huku akiimba.

"Unafanya nini, bibi we?"

"Nakuombea dua, jirani! Habari ya bomba nimeisikia hapa ukutani. Kufua nimeacha. Kwa moshi wako nitakausha samaki bila kununua kuni. Mwambie fundi alishushe bomba kidogo, wa chini nao wapate."

Bwana Mgaza alihisi kama aliyechomolewa pochi.

"Fundi! Acha huo ukuta! Pandisha juu ya paa, asipate hata harufu!"

"Usinifanyie hivyo, jirani!" alilia Bi Mwatime.

Alasiri moshi ulipaa juu kabisa. Bwana Mgaza alichungulia tena, apate kucheka. Uani kulijaa kanzu, nyeupe pe.

"Samaki wako wapi?"

"Nimemrudishia mwenyewe," alisema Bi Mwatime, akianika nyingine. "Aliniazima mpaka bomba lako lipande."