Mkaguzi wa Mafuta

Wahenga waliotuhimiza kukaribisha mgeni hawakusema kwamba mgeni lazima awe amealikwa. Wapo tunaowakunjia uso mlangoni, kumbe wametubebea uhai wetu.

Asubuhi moja ya baridi kali, dereva wa lori alisikia hodi langoni. Aliyebisha alikuwa mkaguzi wa mafuta. Madereva walimpachika jina Kupe, kwani akigandama kwenye tangi habanduki. Serikali iliitoza dizeli kodi kubwa kwa sababu malori huchimbua barabara. Mafuta ya taa iliyatoza kidogo, ili mnyonge naye apate kuota moto. Wajanja wakawa wanayamimina kwenye malori. Ndipo mafuta hayo yakatiwa rangi nyekundu, na Kupe akatumwa kuchungulia matangi.

"Mwambie sipo," dereva alimnong'oneza mama yake.

"Lori lipo uani, wewe hupo? Limejiegesha lenyewe?" mama alicheka. "Mfungulie, mwanangu. Baridi haichagui kazi ya mtu."

Dereva akafungua shingo upande. Kupe akatumbukiza mpira tangini, akavuta mafuta kidogo kwenye chupa. Dizeli tupu, hata tone la wekundu.

"Hongera. Na mafuta ya taa unayo?"

"Ya jiko tu. Linawaka chumbani kwa mke wangu, amejifungua juzi. Nimeziba kila ufa kwa matambara ya lori. Hata upepo ukitaka kuingia, uniombe ruhusa!"

Chupa ikamponyoka Kupe. "Umeziba na jiko linawaka? Hewa yake ni sumu! Ndugu yangu, kimbia!"

Walimkuta mke amelegea kama nguo iliyolowa, mtoto kifuani, kimya. Kupe akazima jiko na kung'oa matambara. Dereva akambeba mkewe hadi uani. Mama alimtoa mjukuu, akawa anampepea kwa kiganja.

"Mume wangu," alimsihi, kama bibi wamwitavyo mjukuu wa kiume, "usiniache mjane mara ya pili."

Mtoto akapiga chafya. Kisha akalia, kilio kitamu kuliko wimbo wowote. Mama yake akafumbua macho, akauliza kwa sauti ya mbali, "Mbona mmemtoa mtoto kwenye baridi?"

Dereva alimshika Kupe mikono yote miwili. "Kaka, nilitaka kukuacha langoni."

"Nimezoea," Kupe alijibu, naye akifuta machozi.

"Karibu chai, baba," mama wa dereva akasema. "Hiyo haina kodi."

"Ina kodi, mama. Iko kwenye sukari."

Wakacheka, mtoto akilia katikati yao, na hakuna aliyetaka kumnyamazisha. Tangu siku hiyo lango lile halikungoja hodi ya pili. Wenzake walipomtania kwamba amepata undugu na Kupe, dereva aliwajibu neno moja tu: mgeni njoo, mwenyeji apone.